Zimwi Likujualo: Lugha ya Mtaani katika Filamu ya Attack the Block

Makala haya yamezaliwa na ubishi. Jumamosi moja tulikuwa watu watano chumbani kwetu hosteli, tumebanana mbele ya kompyuta moja, tunaangalia filamu ya Kiingereza iitwayo Attack the Block. Kati yetu alikuwamo mwenzetu mmoja ambaye Kiingereza anakijua hasa, wa kupata A kidato cha nne na A nyingine kidato cha sita. Hata dakika kumi hazijaisha akaanza kulalama: "Hivi hawa wanaongea lugha gani?" Kando yake alikaa rafiki yangu mwingine, mtoto wa mjini, ambaye Kiingereza chake ni cha kuungaunga. Huyu ndiye aliyekuwa anatutafsiria! Si kwamba maneno yale alikuwa anayajua. La hasha. Alichokijua ni jinsi vijana wa kijiweni wanavyozungumza: wanavyotaniana, wanavyotishana, wanavyoogopa bila kutaka uone kuwa wanaogopa. Kutokana na hayo akawa anayakisia maneno, na mara nyingi alipatia.

Wiki iliyofuata ubishi ukahamia kwenye semina. Mmoja akasema filamu ile haistahili kuhakikiwa na watu wa fasihi kwa sababu imejaa lugha ya kihuni. Mwingine akaitetea, lakini kwa hoja ambayo kwangu mimi ni mbaya zaidi: eti lugha ile ni chumvi tu ya kukolezea hadithi, tusiijali sana, tuangalie maudhui. Wote wawili nawapinga. Wamefanya kosa lile lile la kuitenga fani na maudhui kana kwamba ni vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Kwa mtazamo wangu, hadithi ya filamu hii, ukiichambua mpaka kiini, ni ya mtu anayejifunza kusikia lugha ya majirani zake, na kwa kujifunza huko anapata uwezo wa kuwatolea ushahidi. Ukiiondoa lugha, hadithi haipo. Hilo ndilo ninalokusudia kulionyesha.

Hadithi kwa ufupi

Attack the Block ilitoka mwaka 2011. Mtunzi na mwongozaji ni Joe Cornish, na hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza kuiongoza. Ni fupi, dakika 88 tu. Mambo yote yanatokea usiku mmoja, kusini mwa London, tarehe 5 Novemba, usiku ambao Waingereza huwasha mioto na kufyatua fataki kukumbuka njama iliyoshindwa ya mwaka 1605 ya kulilipua Bunge lao. Sam, mwanamke wa Kizungu anayesomea uuguzi, anarudi nyumbani kwa miguu. Vijana watano waliojifunika nyuso wanamzingira, wanamtolea kisu na kumpora simu na pete. Kiongozi wao ni Moses, ambaye ndiye mhusika mkuu. Papo hapo kitu kinaanguka kutoka angani na kuliponda gari lililoegeshwa kando. Sam anatoka mbio. Ndani ya gari mna kiumbe cha ajabu. Kinamparura Moses usoni, naye kwa hasira anakifukuza pamoja na wenzake mpaka wanakiua. Wanakiburuta kama nyara hadi kwenye ghorofa wanamoishi, Wyndham Tower, kwa Ron, muuza bangi, maana chumba chake ndicho wanachokiona salama kuliko vyote.

Hapo balaa linaanza. Viumbe wengine wanaanguka, wakubwa kuliko yule wa kwanza, weusi tititi, hawana macho, meno yanang'aa gizani. Moses anakamatwa na polisi baada ya Sam kumtambua, lakini viumbe wale wanalivamia gari la polisi na kuwaua askari. Vijana wanakimbilia ndani ya ghorofa lao, mwenzao mmoja akiwa ameumia mguu, na mlango wanaoingilia kwa nguvu ni wa Sam, ambaye kumbe anaishi humo humo. Tangu hapo aliyeporwa na waliompora wanakuwa upande mmoja.

Jina la ghorofa halikuchaguliwa ovyo. John Wyndham ni yule mwandishi wa Kiingereza wa hadithi za kubuni za kisayansi aliyetunga The Day of the Triffids (1951). Katika riwaya hiyo anayetusimulia jinsi dunia ilivyovamiwa ni mtaalamu wa biolojia, msomi mwenye Kiingereza safi. Cornish ameichukua aina ile ile ya hadithi, akaipandisha ghorofani kwenye nyumba za serikali za mitaa, na kazi ya kupambana na uvamizi akawapa watoto ambao msomi yule, akikutana nao usiku, angevuka barabara.

Filamu inavyomfundisha mtazamaji

Sasa tuiangalie lugha yenyewe. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani ni mvua ya maneno. Itazame mara ya pili na utagundua kwamba msamiati wake ni mdogo sana. Cornish alizungumza na vijana wa London kabla ya kuandika, akasikiliza wanavyosema, kisha akachagua maneno machache na kuyarudiarudia. "Bruv", "fam", "cuz", "blud", "feds", "merk", "trust", "believe", "allow it": haya na mengine machache ndiyo yanayoibeba filamu nzima. Neno likija mara ya kwanza linakupita. Mara ya pili unalishuku. Mara ya tano umeshalielewa, na hukumwona mtu yeyote akikufundisha. Ndivyo mgeni anavyojifunza lugha ya mtaa aliohamia.

Chukua "allow it". Kwa Kiingereza cha darasani kitenzi hiki maana yake ni kuruhusu. Vinywani mwa vijana hawa kimegeuka juu chini: ukitaka kufanya jambo, mwenzako akakwambia "allow it", anakwambia uache, usijisumbue, upotezee. Naam, "potezea" ya mitaani kwetu ndiyo tafsiri yake barabara. Mwenzetu wa A mbili alikwama hapa hapa, kwa sababu neno alilijua mno. Alisikia "ruhusu" na akawa anasubiri kitu kiruhusiwe.

Au chukua "feds", jina lao la polisi. Neno hili asili yake ni Marekani, kwa maafisa wa serikali ya shirikisho. London maafisa hao hawapo. Limefika huko kwa njia ya sinema na muziki. Kwa silabi moja tu tunajua vijana hawa wameangalia nini na kusikiliza nini, na tunajua pia kwamba askari wa mtaani kwao wanamwona kama jeshi lililotoka nje. Mwandishi mwingine angetumia kurasa tatu kutueleza uhusiano huo.

Lakini lililonigusa zaidi ni maneno ya kuitana. "Bruv" ni kaka. "Cuz" ni binamu. "Fam" ni familia. "Blud" ni damu. Maneno yote manne ni ya undugu! Na watoto wenyewe hawana nasaba moja. Wengi ni weusi, na Pest, mropokaji wao mkuu, ni Mzungu. Wazazi wao karibu hatuwaoni. Kuna kipande kifupi ambapo wanakimbilia makwao kuchukua silaha, tukasikia wanavyowajibu wakubwa wao mlangoni. Sauti inabadilika kabisa. Wale wale waliokuwa wakinguruma barabarani sasa wanaaga kwa upole na kudanganya kidogo, kama mtoto yeyote anayetaka kutoka usiku. Kumbe wana lugha zaidi ya moja, na wanajua ipi ni ya wapi.

Undugu huo wa maneno una mpaka, na filamu haiufichi. Wanapogundua kwamba Sam ni wa ghorofa lao, wanamwambia kwamba wangelijua hilo wasingempora. Kwao hiyo ni radhi tosha. Sam haipokei. Anawauliza kama ingekuwa halali basi kama angekuwa anaishi kwingine. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Vijana hawa wanamwambia Sam maneno hayo hayo kwa Kiingereza chao: tungekujua, tusingekula. Na jibu la Sam ndilo jibu ambalo methali yetu haijawahi kupewa: kwa nini mle hata msiyemjua?

Neno "zimwi" linavyohama

Methali sikuileta kwa mapambo. Mwanzoni kabisa, baada ya kuporwa, Sam anakaa na jirani yake, bibi mtu mzima, akiwa bado anatetemeka. Anawaita waliompora mazimwi, tena kwa tusi juu yake. Bibi anakubaliana naye. Wakati huo mtazamaji naye anakubali. Tumewaona kwa macho yake, wamefunika nyuso, na maneno yao hatuyaelewi. Kisha yanakuja mazimwi ya kweli kutoka angani, meusi, hayana uso, yanatembea kwa kundi, na mtu akiyaona anakimbia bila kuuliza. Picha ile ile ambayo jamii ilishawachorea vijana wale sasa imepewa manyoya na meno. Hapa fani na maudhui vimeshikana mikono kweli kweli.

Mwishoni polisi wanamfunga Moses pingu, wakiamini kwamba vifo vyote vya usiku ule ni vyake. Wanamwuliza Sam. Anawajibu kwamba hawa ni majirani zake na kwamba wamemlinda. Basi. Kutoka "mazimwi" hadi "majirani": safari yote ya filamu iko kati ya maneno hayo mawili. Na angalieni kwamba Sam haongei lugha ya mtaani hata mwisho. Hajawa mmoja wao. Amejifunza kuisikia, na kwa kuwa ameisikia anaweza kusema jambo la kweli mbele ya watu ambao hawaisikii. Dakika 88 zile zile sisi watazamaji tulikuwa tunafundishwa pamoja naye. Tungekuwa tumewekewa tafsiri chini ya picha tangu mwanzo, tusingehama popote.

Katikati ya safari hiyo kuna chumba cha Moses. Moses anaongea kidogo kuliko wenzake wote. Wenzake wanabwabwaja, yeye ananuna. Neno lake moja linatosha kuwageuza. John Boyega, ambaye hii ilikuwa filamu yake ya kwanza, ameucheza ukimya huo vizuri mno, mpaka tunamwona Moses kama jitu zima. Karibu na mwisho Sam anaingia kwenye nyumba anamoishi kijana huyo, akakuta matandiko ya kitoto kitandani. Anauliza kama Moses ana mdogo wake. Hana. Chumba ni chake. Ana miaka 15. Sam anamwambia anaonekana mkubwa zaidi, na Moses anashukuru. Anashukuru! Kwake ni sifa. Nadhani hapo ndipo tunapoambiwa kazi ya lugha ile ni nini hasa. Ni nguo ya mtu mzima aliyoivaa mtoto kwa sababu nje kuna baridi.

Wakati huo huo filamu haimsafishi. Yeye ndiye aliyekiua kile kiumbe cha kwanza, ambacho kilikuwa jike, na harufu yake imemganda mwilini, madume yanaifuata. Wenzake Dennis na Jerome wanakufa kwa sababu hiyo. Kabla ya kulijua hili Moses alikuwa na nadharia yake: eti serikali ndiyo iliyowaleta viumbe wale, kama ilivyoleta kwanza dawa za kulevya halafu bunduki, kwa kuwa vijana weusi hawauani kwa kasi ya kutosha. Baadaye anatambua kwamba safari hii mkosi ameuleta mwenyewe kwa mkono wake. Nadharia yake si ya kuchekwa, ina uchungu wa kweli ndani yake, lakini filamu inamtaka aende mbele zaidi ya kulalamika, naye anakwenda. Anajibebesha mzoga wa yule jike mgongoni, anayavuta madume yote yamfuate hadi nyumbani kwake ambako Sam amekwisha kufungulia gesi, anawasha fataki na kujirusha dirishani. Kinachomwokoa ni bendera ya Uingereza iliyotundikwa nje ya ghorofa, ananing'inia nayo. Msomaji ajiamulie mwenyewe kama bendera hiyo imembeba au ameing'ang'ania kwa nguvu zake.

Na sisi wanachuo?

Yupo mhusika mmoja ambaye wengi semina walimcheka wakapita, nami naona ndiye anayetuhusu kuliko wote. Anaitwa Brewis. Ni kijana wa Kizungu wa tabaka la kati, mwanachuo, amekuja ghorofani kununua bangi kwa Ron. Masikioni ameweka muziki wa rapu. Anapokuwa na vijana wa pale anajaribu kuongea na kusalimiana kama wao, na kila akijaribu anaharibu. Yeye anayajua maneno ambayo Sam hayajui, ila hajui yanasemwa lini wala yanagharimu nini. Akitoka pale anarudi kwao na maneno yale anayaacha mlangoni kama viatu vya kuazima.

Lakini Brewis huyo huyo, kwa elimu yake ya zoolojia, ndiye anayewasaidia kugundua siri ya harufu. Pale anapoacha kuigiza na kutoa alicho nacho, anakuwa wa maana. Sisi tunaokaa hapa kuandika tasnifu juu ya lugha ya vijana, tukawapigia simu wadogo zetu watupe "data", tujitazame kwenye kioo hicho.

Na swali hilo linamwangukia mtunzi mwenyewe. Cornish si mtoto wa Wyndham Tower. Amesoma Westminster, moja ya shule za gharama kubwa London, na alijulikana kwanza kama mchekeshaji wa televisheni. Wazo la filamu lilimjia baada ya yeye mwenyewe kuporwa na vijana kusini mwa London, eneo alikokulia. Yaani ukipenda, mtunzi ndiye Sam. Je, ana haki ya kuandika kwa lugha ya waliompora? Swali hili lisipite hivi hivi, maana lugha ya walalahoi imeibiwa mara nyingi kuliko simu zao. Jibu langu ni kwamba ameilipia kwa njia mbili. Alikwenda kuwasikiliza wenye lugha badala ya kuibuni mezani, na nyuso za filamu aliwapa vijana wa mji huo huo. Boyega mwenyewe ni mtoto wa Peckham, wazazi wake wametoka Nijeria.

Mlinganishe na Anthony Burgess katika A Clockwork Orange (1962), riwaya ambayo Stanley Kubrick aliitengenezea filamu mwaka 1971. Burgess naye aliwapa vijana wakorofi lugha yao, lakini aliibuni, kwa kukopa zaidi kutoka Kirusi. Lugha ile ni kazi ya ufundi mkubwa, na faida yake ni kwamba haichakai, kwa sababu hakuna mtaa ulioizungumza. Hasara yake ni hiyo hiyo. Hakuna mtoto aliyewahi kufungwa pingu kwa sababu ya lafudhi ya kitabu cha Burgess.

Agosti 2011

Lafudhi ya Wyndham Tower iligharimu watu, na ushahidi ulikuja mapema mno. Filamu ilianza kuonyeshwa Uingereza Mei 2011. Tarehe 4 Agosti mwaka huo polisi walimpiga risasi na kumwua Mark Duggan huko Tottenham, kaskazini mwa London, na kuanzia tarehe 6 ghasia zikaenea London na miji mingine kwa siku kadhaa. Tarehe 12 Agosti mwanahistoria David Starkey aliketi kwenye kipindi cha Newsnight cha BBC kueleza chanzo chake. Alidai kwamba Wazungu wamegeuka kuwa weusi, na miongoni mwa alivyovilaumu ni lugha: kile alichokiita patwa ya Kijamaika iliyoingia Uingereza. Watu wengi walimshambulia kwa maneno hayo. Lakini tuangalie hoja yenyewe. Kwa mujibu wake, ukisikia mtoto anavyotamka, umeshajua atakachofanya. Sam wa dakika ya kumi angekubaliana naye.

Wataalamu wa isimu walikuwa wameshafanya kazi inayoonyesha vingine. Jenny Cheshire, Paul Kerswill na wenzao waliwarekodi vijana wa London kwa miaka kadhaa kuanzia 2004. Walikuta kwamba usemi ule si wa kabila moja wala rangi moja. Unazaliwa katika makundi ya marafiki wenye asili mbalimbali, Karibi, Afrika Magharibi, Asia Kusini na wenyeji wa London wa tangu zamani, ambapo watoto hujifunza Kiingereza kutoka kwa watoto wenzao. Una kanuni zake. Hata neno la kawaida kama "man", yaani mtu au mwanamume, limepata kazi ya kiwakilishi: msemaji hulitumia kumaanisha mimi, au sisi. Lugha inayozaa viwakilishi vipya, jamani, hiyo si lugha iliyoharibika. Inakua.

Kwetu kisa hiki si kigeni. Nairobi, Sheng imekuwa ikisemwa vile vile kwa miaka: kwamba inaharibu Kiswahili, kwamba anayeizungumza ni wa kuangaliwa kwa jicho la pili. Lugha ya mitaani ya Dar es Salaam imepata hukumu hiyo hiyo. Sisemi kwamba Sheng na Kiingereza cha Moses ni kitu kimoja. Kila moja ina historia yake. Nasema hakimu ni yule yule.

Kasoro

Filamu ina kasoro, na mhakiki anayezificha si mhakiki. Ya kwanza na kubwa ni wasichana. Tia na wenzake wanaishi ghorofa hilo hilo, wanapigana na mazimwi sebuleni kwao kwa ushujaa kuliko wavulana, na ndio wa kwanza kutambua kwamba viumbe wanamfuata Moses. Kisha wanafunga mlango na hadithi inawaacha. Lugha yao hatuisikii ya kutosha. Kana kwamba mtaa ni wa wavulana tu!

Ya pili, matusi. Sina tatizo na tusi lenye kazi. Tusi la Sam pale mwanzoni lina kazi. Ila mengine yamerundikwa mpaka hayaumi tena, yakawa kelele.

Ya tatu inahusu wakati. Maneno ya mtaani huzeeka haraka, na zaidi ya miaka 10 imepita. Baadhi ya yale ya 2011 vijana wa leo London wanayaona ya wakubwa zao. Hili hata hivyo silihesabu kasoro kamili. Baadhi ya picha za nje zilipigwa Heygate, mtaa wa maghorofa wa serikali za mitaa huko Elephant and Castle, uliokuwa na nyumba zaidi ya 1,000. Wakazi walikuwa wakihamishwa, na kufikia mwaka 2014 maghorofa yalikuwa yamebomolewa. Sisi tunaoijua bomoabomoa tunaelewa maana yake: mtaa ukivunjwa, watu hutawanyika na namna yao ya kuitana hutawanyika nayo. Filamu imebakiza kidogo cha sauti hizo. Ikizeeka, na izeeke.

Hitimisho

Nimalize kwa kukiri jambo, maana nimekuwa nikiwasema wengine tu. Sekondari nilikuwa kiranja. Shule yetu ilikuwa na daftari, na kazi yangu ilikuwa kuandika humo jina la kila aliyesikika akiongea lugha isiyo Kiingereza. Aliyeongea "kihuni" jina lake lilipigiwa mstari. Alhamisi walioandikwa walichapwa. Kijana mmoja nilimwandika mara nyingi kuliko wote. Alikuwa wa mtaani kwetu, nyumba ya nne kutoka kwetu, na mchana akitoka shule aliniita "mwanangu" kama kawaida, kana kwamba daftari halipo. Mwalimu alipoulizia tabia yake nilisema ni mhuni. Sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya maneno aliyotumia, ambayo nyumbani niliyatumia na mimi. Kidato cha tatu hakurudi shule.

Sijui kama daftari ndilo lililomtoa. Ninachojua ni kwamba niliulizwa juu ya jirani yangu nami nikatoa jibu la Sam wa mwanzo, wakati lugha yake niliielewa vizuri kabisa. Sam alikuwa na udhuru wa kutoelewa. Mimi sikuwa nao.

Kwa hiyo wale wenzangu wa semina wanaosema lugha ya kihuni haina nafasi kwenye uhakiki, nawaomba waiangalie tena filamu hii, na safari hii wasiulize tu vijana wale wanasema nini. Waulize pia ni nani, pale polisi walipoulizia, aliyekuwa amesikiliza vya kutosha hata akaweza kujibu.